Kichwa cha Twiga wa Tandika

Zuhura mwanangu,

Mama yako amekwisha kukwambia habari ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutomwazima mtu khanga, na ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, hata likiwa yai. Amekwambia mara tatu, na mara ya nne inakuja, maana namsikia huko chumbani akilifungua tena sanduku alilolifunga asubuhi. Kwa hiyo hayo mie nayaruka. Wewe umekwenda Mbagala kuagana na wenzako wa chuo, nyumba imetulia kidogo, nami nimekaa hapa uani juu ya debe langu la kazi, ubao magotini, nakuandikia jambo ambalo nimeshindwa kukwambia kwa mdomo. Nilijaribu juzi. Utakumbuka nilikuita, ukaja ukakaa, nikakohoa, tukaishia kuzungumzia kuku wa jirani. Sikukuitia kuku.

Jana kwenye chai ulisema, "Baba, mie sina wasiwasi na huko Newala, si nakwenda kukaa kwa Baba Kichwa?" Chai ikanipalia. Mama yako akanipiga mgongoni akasema mzee huyu siku hizi hata kunywa hajui. Haikuwa chai, mwanangu, lilikuwa hilo jina. Yule mtu jina lake Leonsi. Hilo la Kichwa ni mie niliyemtwisha, tena kwa uongo, na mtaa mzima haujui mpaka leo. Haya, nimeshaandika. Na kalamu ya wino haifutiki.

Sasa ngoja nianze mwanzo, maana ukisikia mwisho peke yake utaniona mtu mbaya kuliko nilivyo. Mbaya nilikuwa, ila kwa kiasi.

Leonsi nilikutana naye jalalani, huku Chang'ombe, kabla wewe hujazaliwa. Mie nilikuwa fundi wa vibatari, natafuta makopo. Yeye Mmakonde, mchonga vinyago, mpingo umempandia bei, akawa anatafuta chochote kinachochongeka. Tukakishika kitu kimoja kwa wakati mmoja: mlango wa lori. Mie huku, yeye kule. "Nimeuona kwanza mie." "Nimeugusa kwanza mie." Tulivutana mpaka jasho likatutoka, na hakuna kati yetu aliyekuwa anajua ataufanyia nini huo mlango. Mwisho akaniuliza, "Kwani wewe unakaa wapi?" Nikamwambia Tandika. "Mie pia Tandika," akasema, "basi tuubebe kwanza, tutagombana tukifika." Tukaubeba. Tulipofika tulikuwa tumechoka, hatukugombana tena. Mlango ule ukakaa uani kwetu, ndio ule mama yako anaanikia dagaa.

Tangu hapo tukawa watu wawili wenye kazi moja. Tulikuwa tunaokota: mapipa, madebe, ringi za baiskeli, ekzosi, vifuniko vya sufuria, tunaunganisha tunatoa vitu vikubwa vya ajabu. Watu walituuliza vya nini, na jibu hatukuwa nalo. Kitu cha kwanza cha kulipwa tulimtengenezea Bwana Nassoro mwenye hoteli, yule Mwarabu wa pale njia panda. Alitaka birika juu ya paa ili wapita njia wajue pana chai. Tukamtengenezea birika kubwa kuliko jiko lake. Lilikuwa zuri, wallahi. Tatizo ni kwamba mdomo wake tuliufanya kwa bomba, na tuliuelekeza baharini. Ukivuma upepo wa alasiri linalia vuuu, kama mtu aliyefiwa. Wateja wakasema hoteli ina jini. Bwana Nassoro alikuja hapa kwetu amevua kofia anasema, "Saidi, mie nilitaka birika, sikutaka muadhini." Leonsi akapanda juu ya paa akaliziba kwa soksi yake. Hoteli ikanusurika, ila siku za jua kali Bwana Nassoro alisema bora jini.

Nakusimulia haya ujue tulikuwa tunacheka. Sijacheka na mtu mwingine vile, hata na mama yako, ingawa yeye usimwambie.

Kazi ya watu wawili ina taabu yake. Mie nikifunga kitu, Leonsi anakiona kimepinda, anakifungua anakifunga upya; yeye akigeuka, mie naona sasa ndiyo kimepinda zaidi, nakifungua. Siku moja tulifanya mguu mmoja wa meza kutwa nzima. Ndipo tukawekeana sharti: ulichofunga wewe utakifungua wewe. Mwenzako haruhusiwi kugusa, hata akiona kinaanguka; atakuita. Sharti hilo ndilo lililotufanya tumalize kazi. Na kila mmoja alikuwa na fundo lake. Mie nafunga kwa waya, nausokota kwa koleo unang'aa. Leonsi anafunga kwa tyubu ya gari aliyoichana vipande virefu, anazungusha, anazungusha, anakaza kwa meno, halafu mikia ya mpira anaiacha inaning'inia. Mie ile mikia ilikuwa inanikera. Kitu kizuri unakiona kimefungwa bandeji kama majeruhi.

Uhuru ulipokaribia kutimiza miaka kumi, tukaambiwa kila kata itoe pambo lake kwa sherehe, na litoke kwa nguvu za wananchi wenyewe, isiombwe serikalini hata misumari. Kamati ikatujia sie. Leonsi akasema tufanye twiga. Mie nikasema twiga ana shingo ndefu, tutapata taabu. Akasema ndiyo maana.

Mjumbe wa nyumba kumi akapita akitangaza kila nyumba itoe kitu kimoja kisichofaa. Mwanangu, hujaona watu wakitoa kwa moyo mkunjufu namna ile. Sufuria zilizotoboka, mabati ya kutu, baiskeli isiyo na kitu ila kengele. Mama mmoja alileta kitanda cha chuma, jioni mumewe akaja na shuka begani anauliza kitanda chake kiko wapi. Jamaa mwingine alimleta shemeji yake, tukamrudisha.

Twiga akasimama wiki ya sita. Miguu mapipa, tumbo madebe yaliyofunguliwa, madoa vifuniko vya sufuria, shingo ekzosi nane zimeingiliana, na macho taa za lori. Alikuwa anapita paa la nyumba yoyote ya Tandika. Watu walikuwa wanakuja na wageni wao kuwaonyesha: lile doa la tatu, pale kwapani, ndiyo sufuria yetu. Na kichwa alikifunga Leonsi. Alipanda ngazi asubuhi, akashuka adhuhuri, midomo myeusi kwa mpira. Akaniambia, "Hicho hata kimbunga kitakipungia tu mkono." Na kweli, ukija upepo kichwa kilikuwa kinatikisika taratibu, kinaitikia, kama mzee anayesikiliza shauri.

Siku nne kabla ya sherehe ikaja simu ya maandishi: mama yake Leonsi amefariki huko Newala. Tukamchangia nauli, akaondoka jioni ile ile. Akanishika mkono akasema, "Nakuachia mnyama."

Siku ya kuamkia sherehe nikatoka nje kumtazama. Jua linawaka, bati linang'aa, na shingoni, juu kabisa, mikia ya mpira inaning'inia. Nikajisemea, mgeni rasmi anakuja, atasema sie Tandika tumemfunga twiga kwa matambara. Sharti nililijua. Zuhura, sitaki nikudanganye kwamba nililisahau. Nilisimama chini ya ngazi nikalikumbuka neno kwa neno, halafu nikapanda. Nikaikata mipira yote, nikafunga kwa waya mpya, nikausokota ukalala sawasawa. Niliposhuka nikamtazama nikasema, sasa ndiyo mnyama.

Waya ukipindwa huku na huku hukatika. Hilo anayejua kuliko watu wote Temeke ni mie, maana ndivyo ninavyokata waya wa vibatari kila siku nikikosa koleo: pinda, pindua, pinda, pindua, tap. Kichwa kimekaa kwenye upepo kinaitikia huku na huku usiku kucha. Fundi wa miaka kumi na tano, nikashindwa kulifikiria hilo kwa sababu ya mikia miwili ya mpira.

Mgeni rasmi alianza hotuba saa nne. Alikuwa anasema kwamba Taifa letu sasa linasimama kwa miguu yake lenyewe. Miguu ilisimama, ni kweli. Kichwa ndicho kilichokuja. Kilishuka bila haraka, kikapiga meza kuu, jagi huku, soda kule, kikadunda mara moja kikaingia ndani ya ngoma kubwa ya brasbendi kikatulia humo, macho juu, kinamtazama mgeni rasmi. Hakuna aliyeumia. Mgeni rasmi akajipangusa soda ya machungwa kifuani, akasema, "Naona hata twiga amechoka na hotuba yangu." Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Ingeishia hapo. Kila mtu alikuwa anacheka, hata mie. Lakini mwenyekiti wa kamati, mtu ambaye kicheko alikuwa anakisikia kwa wenzake tu, akaniita pembeni. Siku zile ukiharibu jambo la umma neno lililokuwa karibu ni hujuma, na neno hilo lilikuwa na miguu, lilikufuata mpaka kazini. Akaniuliza, "Nani alikifunga kile kichwa?"

Nikasema, "Mwenzangu Leonsi. Amesafiri."

Maneno matatu. Hata sikuyatafuta, yalikuwa yanangoja mdomoni. Na ukiyaangalia kwa karibu, kila moja lina ukweli wake, maana kweli alikifunga, na kweli alisafiri. Nilijifariji kwa hilo wiki nzima. Nimekuja kujua kwamba uongo wa namna hii ndio unaoishi muda mrefu, kwa sababu una viungo vyote vya ukweli, umekosa kimoja tu.

Yeye wakati huo alikuwa kaburini kwa mama yake.

Alirudi baada ya wiki mbili. Watoto walimpokea njia panda, "Kichwa! Kichwa!" Akaja hapa uani. Kile kichwa kilikuwa kimewekwa pale kwenye mlango wa lori. Akakiinua, akakigeuza, akakuta shingoni mabaki ya waya. Mie nasokota kushoto, mwanangu, kwa kuwa natumia mkono wa kushoto. Hakuna fundi mwingine Tandika anayesokota hivyo. Akautazama ule waya muda mrefu. Nami nimesimama hapa, nimetayarisha maneno kama arobaini. Akakiweka chini taratibu akaniuliza, "Chai ipo?" Tukanywa chai. Nikampa pole ya msiba. Akasema asante. Nikamwambia na sukari ipo. Basi.

Angenitukana ningepona siku ile ile.

Tulikuwa tumeahidiwa, sote wawili, kazi ya kupamba uwanja wa maonyesho. Ikaja barua yenye jina langu peke yake. Leonsi akanipongeza. Mie nikaenda, nikafanya misimu miwili, nikanunua redio ile. Wakati huo yeye watu hawampi hata kiti awatengenezee: "Usije ukatuangushia, Kichwa." Naye anaitikia, "Naam." Tuliwahi kufanya vikazi vidogo baadaye, mie na yeye, lakini hakufunga tena kitu. Alikuwa anashikilia. Nikimwambia haya kaza hapo, ananipa koleo, anasema, "Funga wewe." Miaka mitatu, funga wewe. Halafu vijiji vilipoanzishwa huko kwao, akafungasha patasi zake akarudi kusini.

Na wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unamkimbilia mlangoni, "Baba Kichwa, Baba Kichwa," anakurusha juu. Nami nakaa pale nacheka pamoja nanyi. Katika yote, hilo ndilo linaloniuma kuliko hata ile kazi. Mtoto wangu wa kumzaa nilimwacha ajifunze kumwita mtu kwa uongo wangu, nikauona utamu.

Ulipopangiwa kufundisha Newala, nilimwandikia. Sikuwa na haki, lakini nilikuwa na binti. Jibu lake umelisikia kwa mama yako, kwamba uende, nyumba ni yako. Barua yenyewe hukuisoma, kwa kuwa niliificha. Ameandika hivi: "Aje. Kitanda chake nimekifunga kwa tyubu, hakianguki." Na chini ametia sahihi, "Kichwa." Nimeisoma barua hiyo mpaka imechanika kwenye mikunjo, na mpaka leo sijui anacheka au ananichoma. Kwa Leonsi yote mawili yanaweza kukaa kwenye chungu kimoja.

Basi nikasema nijitakase kabla hujaondoka. Ijumaa iliyopita, tulipotoka kuswali, nikaenda barazani kwa muuza kahawa, wazee wote wapo. Nikasimama nikawaambia: "Jamani, kile kichwa cha twiga hakikufungwa na Leonsi. Nilikifungua nikakifunga mie. Nilisema uongo." Nikangoja waniapize. Mzee Mwinyi, yule mjumbe wetu wa zamani, akanitazama, machozi yanamlenga. Akasema, "Mnamwona Saidi? Rafiki yake yuko mbali huko, hana wa kumtetea, na yeye anajibebesha lawama zake. Huu ndio utu." Nikasema hapana, ni kweli. Wakasema ndiyo, ndiyo, kaa. Nikaapa. Wakasema usiape kwa ajili ya mtu, Saidi, ni dhambi. Nikanunuliwa kahawa, na kashata mbili. Nilirudi nyumbani na sifa nyingi kuliko nilizoondoka nazo.

Nilicheka peke yangu njia nzima, halafu nilipofika hapa uani nikalia. Siku ile uwanjani, kusema ukweli kungenigharimu aibu ya mchana mmoja. Sasa natembea nao mkononi, natafuta wa kuupokea, sipati. Sikufundishi kitu, Zuhura. Utakosea yako, na utaikosea kwa namna yako. Ila ikitokea, iseme kweli ingali moto, kabla watu hawajazoea kuishi na uongo.

Kwa hiyo mtu mmoja tu duniani anajua. Nikaamua barua hii uibebe, ukifika umpe Leonsi asome. Sasa hivi nimemwita mama yako nikamwambia aitie sandukuni, chini ya khanga. Akaniuliza ya nini. Nikamweleza yote, na mie nikidhani namwambia habari mpya. Akasema, "Nilikuona na koleo juu ya ngazi siku ile. Nimengoja useme." Miaka yote hiyo, mwanamke huyu anaanika dagaa tu. Halafu akasema, "Mzigo wako unambebesha mtoto? Si ndivyo ulivyomfanyia Leonsi?" Akarudi kwenye sanduku lake.

Muadhini ameshaadhini na sijanyanyuka.

Haya. Barua hii ni yako, ikae kwako, usimpe mtu. Huko kwa Leonsi hutakuwa na la kueleza wala la kuombea msamaha. Wewe mpe shikamoo, mwite Baba Leonsi, ulale kwenye kitanda chako. Mama yako ameshamtuma mtu stendi akanikatie tiketi, hata hajaniuliza. Nitakaa siti ya nyuma. Nitakuwa nimefumba macho lakini sijalala, kwa hiyo usinisemeshe mpaka tuvuke Rufiji, najifunza la kumwambia.

Ni mie babako,
Saidi